Kutoka Kituo cha Soko hadi Jiji: Mwongozo Kamili wa Kupandisha Hadhi ya Mji nchini Kenya

Kila mara mji mmoja unapotangazwa kuwa jiji, wakazi wa miji mingine huuliza kwa nini wao wameachwa nyuma, viongozi wao huahidi jukwaani kwamba zamu yao imekaribia, na baada ya miezi kadhaa jambo lote hunyamaza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vyama vya wakazi, wafanyabiashara, wawakilishi wadi na maafisa wa kaunti ambao wamewahi kuianza safari hiyo wakakwama njiani.

Wengi waliokwama walianzia mwisho. Walitafuta tangazo la Rais kabla ya kuwa na ramani, waliomba ujiji ilhali mji wao haujawa manispaa, au waliwasilisha maelfu ya saini bila ukurasa mmoja wa hesabu. Sheria haiulizi watu wanautamani ujiji kiasi gani. Inauliza mji unaweza kuonyesha nini kwa maandishi.

## Ngazi zilivyopangwa

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019. Yeyote atakayewapa ushauri kwa kusoma nakala ya zamani atawapotosha, kwa kuwa marekebisho hayo yalishusha idadi ya watu inayotakiwa: jiji lilihitaji wakazi 500,000, na sasa linahitaji 250,000.

Ngazi ni nne. Kituo cha soko huhitaji angalau wakazi 2,000, mji 10,000, manispaa 50,000 na jiji 250,000. Manispaa huzaliwa kutoka kwa mji, na jiji huzaliwa kutoka kwa manispaa, kwa hivyo hakuna njia ya kuruka ngazi hata kama watu wenu ni wengi. Makao makuu ya kaunti yamefunguliwa mlango wao wenyewe, nayo yanaweza kupewa umanispaa hata yasipofikisha idadi hiyo.

Katika ngazi hizi, badiliko kubwa zaidi kisheria ni la kuingia umanispaa, ingawa wanasiasa hupenda zaidi kuzungumzia ujiji. Manispaa husimamiwa na bodi ambayo ni mtu mbele ya sheria: ina muhuri wake, inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa, na inaendelea kuwapo hata wanachama wake wakibadilika. Kwa miji mingi inayolilia ujiji, umanispaa unaofanya kazi vizuri ungetosha kuleta karibu kila kitu ambacho wakazi wanakitaka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanyeni vitu hivi katika faili moja, na kila nakala iwe na tarehe na jina la ofisi iliyoitoa:

- Nakala ya sheria yenye marekebisho ya mwaka 2019, pamoja na majedwali yake.
- Takwimu za sensa ya mwaka 2019 kutoka Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) zinazohusu mji wenyewe, si kaunti ndogo nzima.
- Ramani ya mipaka inayopendekezwa, iliyochorwa na mpimaji au mpangaji miji aliyesajiliwa.
- Mpango jumuishi wa maendeleo wa mji, au rasimu yake.
- Taarifa za mapato yaliyokusanywa ndani ya mji kwa miaka ya fedha iliyopita, yakitenganishwa na mapato ya kaunti nzima.
- Orodha ya huduma na miundombinu iliyopo, ikionyesha hali ya kila kimoja.
- Kumbukumbu za mikutano ya wakazi, zenye majina, saini na maamuzi.
- Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zinazogusa kaunti yenu, na manispaa ikiwa tayari ipo.
- Vyeti vya usajili vya vyama vya wakazi, vya wafanyabiashara na vya wachuuzi.

Ikiwa ofisi ya umma inakataa kutoa taarifa, andikeni ombi rasmi mkitaja kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inampa afisa siku 21 za kujibu. Barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ina nguvu kuliko ziara kumi za mdomo.

## Hatua ya 1: Thibitisheni idadi ya watu kwa kipimo kinachokubalika

Sheria inataja matokeo ya mwisho ya sensa ya hivi karibuni yaliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Makadirio ya mwanasiasa, hesabu ya wapiga kura, idadi ya nyumba zilizounganishiwa umeme na makisio ya mshauri hayachukui nafasi ya sensa. Mnaweza kuyatumia kuonyesha kasi ya ukuaji wa mji, lakini si kujaza pengo la idadi.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hivyo inafaa tukae kidogo. Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu kwa njia zaidi ya moja: kwa mipaka ya utawala, yaani kaunti, kaunti ndogo, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo, na pia kwa vituo vya mijini. Kaunti ndogo inaweza kuwa na watu wengi ambao nusu yao wanaishi mashambani, mbali na lami na soko. Mkichukua idadi ya kaunti ndogo na kuiita idadi ya mji, mpangaji miji wa kwanza atakayesoma ombi lenu ataliona kosa hilo, na baada ya hapo hataiamini takwimu nyingine yoyote mliyoandika.

Angalieni jinsi miji inavyokaa katika orodha ya vituo vya mijini. Nakuru ilihesabiwa watu 570,674 na Eldoret 475,716, na yote miwili ilikuwa mbali juu ya kizingiti ilipoomba ujiji. Ruiru ilikuwa na 490,120 na Kikuyu 323,881. Thika ilikuwa na 251,407, idadi inayozidi kizingiti kwa watu 1,407 tu. Mji ulio katika hali ya Thika hauwezi kuchezea mpaka wake, kwa sababu kuondoa mtaa mmoja katika ramani kunaweza kuushusha chini ya 250,000.

Tahadhari: kituo cha mji cha sensa na manispaa iliyotajwa katika hati, yaani waraka rasmi unaoupa mji hadhi yake, si lazima viwe na mpaka mmoja. Pale vinapotofautiana, jumlisheni lokesheni ndogo zilizo ndani ya mpaka wenu moja baada ya nyingine, na muambatishe jedwali lenyewe ili msomaji aweze kurudia hesabu.

Mtajua mmefaulu mtu asiyewafahamu atakapochukua jedwali lenu na vitabu vya KNBS, akafika kwenye jumla ile ile bila kuwapigia simu.

## Hatua ya 2: Choreni mpaka unaoweza kutetewa

Mpaka ukiwa mpana sana, mnajitwika mashamba na barabara za vumbi ambazo mtatakiwa kuzihudumia. Ukiwa mwembamba sana, mnaacha nje viwanda, vituo vya mafuta na mitaa mipya inayotoa ushuru. Kwa umanispaa, sheria inadai pia kuwepo kwa nafasi ya kutosha ya upanuzi, kwa hivyo ramani iliyobana mji hadi ukutani huwa imejipinga yenyewe.

Fuateni alama zinazoonekana na zilizokwisha kuandikwa: mto, reli, barabara kuu, mpaka wa lokesheni ndogo. Epukeni kukata lokesheni ndogo katikati isipokuwa kuna sababu nzito, maana sensa haitawapa idadi ya nusu yake. Epukeni pia kuvuka mpaka wa kaunti, hata kama mji umemwagikia upande wa pili, kwa sababu gavana na bunge la kaunti moja hawana mamlaka juu ya ardhi ya kaunti jirani.

Wenye mashamba pembezoni huogopa, na hofu yao ina msingi: wanadhani kwamba kuingizwa mjini kutawaletea kodi ya ardhi ya kiwango cha mjini na kanuni za ujenzi wasizozizoea. Wapelekeeni ramani mapema, tena kwenye baraza lao wenyewe, kabla hawajaisikia kwa jirani. Malalamiko mliyoyajibu kwa maandishi katika hatua hii hayatawashtua mbele ya bunge la kaunti.

## Hatua ya 3: Wakazi wawe na umbo linalotambulika

Katiba, katika kifungu cha 184, inataka wakazi washiriki katika uongozi wa maeneo ya mijini, na sheria imekifanya kigezo hicho kuwa sharti la ngazi zote mbili za juu: ushiriki wa wakazi uwe umejengwa ndani ya mfumo. Mkutano mmoja mkubwa uwanjani, wenye ngoma na fulana, haujengi mfumo.

Kinachohesabika ni vikao vya mara kwa mara vyenye ajenda iliyotangazwa, kumbukumbu zilizosainiwa, na ushahidi kwamba hoja fulani ya wakazi ilibadilisha uamuzi fulani. Huu wa mwisho ndio unaosahaulika zaidi. Ikiwa wakazi walilalamikia eneo la kituo cha matatu na kituo kikahamishwa, wekeni barua ya malalamiko na uamuzi wa kukihamisha pamoja katika faili.

Kuna sababu nyingine ya kusajili vyama mapema. Bodi ya manispaa, kwa mujibu wa marekebisho ya mwaka 2019, ina wanachama tisa, na wanne kati yao hupendekezwa na makundi yaliyotajwa na sheria: vyama vya wanataaluma, sekta ya kibinafsi, vyama vilivyosajiliwa vya sekta isiyo rasmi, na vyama vilivyosajiliwa vya wakazi wa mitaa. Mama mboga na fundi wa jua kali wana kiti mezani, lakini kiti hicho huenda kwa chama chenye cheti. Pasipokuwa na chama, nafasi itajazwa na mtu ambaye wachuuzi hawamjui.

## Hatua ya 4: Mpango jumuishi wa maendeleo

Ombi lisilo na mpango jumuishi halijakamilika, na hakuna ufundi wa maneno utakaoficha upungufu huo. Mpango huu ni tofauti na mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, ingawa ni lazima uambatane nao. Unaeleza mji ulivyo leo, unakotakiwa kufika, miradi itakayoufikisha huko, gharama zake na chanzo cha fedha, pamoja na matumizi ya ardhi: makazi yapo wapi, viwanda wapi, jaa la taka wapi, makaburi wapi.

Tatizo la kawaida ni mpango uliokopwa. Mshauri huuza waraka alioutumia kwa mji mwingine, akabadilisha jina la mji na kusahau kubadilisha jina la mto. Kamati ya wataalamu itakayousoma (tutaifikia katika hatua ya 7) ina wapangaji miji na wapimaji ardhi ndani yake, nao husoma ramani kabla ya kusoma maneno.

Hakikisheni kwamba mpango umepitia njia yake rasmi: umejadiliwa na wakazi, umepelekwa kwa kamati tendaji ya kaunti, na umeidhinishwa na bunge la kaunti. Mpango mzuri ambao haujaidhinishwa una nguvu ndogo kuliko mpango wa wastani wenye kumbukumbu za bunge zinazoonyesha tarehe ya kuidhinishwa.

## Hatua ya 5: Hesabu ya mapato, bila kupamba

Kwa manispaa, sheria inataka mapato yanayokusanywa au uwezo unaoonekana wa kuyakusanya, na vilevile uwezo wa kupata fedha za kutosha kuendesha shughuli zake. Kwa jiji inaongeza rekodi za usimamizi wenye busara. Neno zito hapa ni rekodi.

Anzeni kwa kutenganisha mapato. Kaunti nyingi huweka fedha zote katika kapu moja, kiasi kwamba hakuna anayeweza kusema mji wenyewe uliingiza kiasi gani. Ombeni idara ya fedha ya kaunti itoe takwimu kwa kila chanzo na kwa eneo: kodi ya ardhi, leseni za biashara, ada za maegesho, ushuru wa masoko, ada za kuidhinisha ramani za ujenzi, mabango ya matangazo. Kisha wekeni upande wa pili gharama za huduma ambazo bodi itarithi, mishahara ikiwemo. Mishahara huachwa nje mara nyingi, na bila hiyo jedwali hutoka likionyesha ziada ya kupendeza ambayo haipo.

Itazameni kodi ya ardhi kwa makini. Hukokotolewa kutokana na daftari la thamani ya ardhi, na pale daftari hilo lilipoachwa miaka mingi bila kusasishwa, kiwanja kilichogeuka jumba la ghorofa hulipiwa kama kichaka. Ikiwa ndivyo ilivyo kwenu, semeni hivyo katika ombi, mwonyeshe ratiba ya kulisasisha, na msihesabu fedha hizo kana kwamba ziko mkononi.

Onyo kubwa la mwongozo huu liko hapa. Wakazi wengi huamini kwamba mji ukipandishwa hadhi, fedha mpya zitatoka Nairobi. Katiba hugawa mapato ya taifa kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti, na hakuna fungu la tatu kwa ajili ya manispaa au majiji. Fedha za bodi hupitia bajeti ya kaunti. Ni kweli kwamba mpango wa kusaidia miji ya Kenya (KUSP), uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2017, ulipeleka ruzuku kwa manispaa 59 katika kaunti 45, zote isipokuwa Nairobi na Mombasa. Hata hivyo, ruzuku ile ilikuwa na masharti: hati, bodi iliyoteuliwa, meneja, na bajeti. Msijenge ombi lote juu ya ruzuku ambayo kalenda yake hamuiamui ninyi.

Dalili ya kufaulu ni jedwali moja, la kurasa mbili au tatu, ambalo mhasibu wa nje anaweza kulisoma na kusema mji utajiendesha, au utajiendesha kwa msaada wa kiasi fulani uliotajwa waziwazi.

## Hatua ya 6: Huduma na miundombinu

Jedwali la Kwanza la sheria limeorodhesha huduma zinazotarajiwa katika kila ngazi. Chukueni orodha hiyo na mwende nayo mitaani, kituo kwa kituo, mkiandika kilichopo na hali yake. Taa za barabarani, masoko na kituo cha zimamoto vimetajwa kwa jina katika vigezo, na uwezo wa kutupa taka ipasavyo umewekwa kama kigezo chake peke yake.

Taka ndiyo inayoangusha miji mingi kuliko inavyokiriwa. Lori mbili za kuzoa taka na shimo lililo nyuma ya soko si mfumo. Jaa linahitaji ardhi yenye hatimiliki, leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, na mpango wa kulifikia wakati wa mvua. Kutafuta ardhi hiyo kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, kwa kuwa hakuna mtaa unaoitaka jirani yake, kwa hivyo anzeni kuitafuta siku ile ile mnayoanza kuchora mpaka.

Kuhusu zimamoto, semeni ukweli. Gari moja lililoegeshwa bila maji wala dereva wa usiku litaonekana tu kamati itakapotembelea kituo.

## Hatua ya 7: Azimio, ombi na kamati ya wataalamu

Sasa ndipo ombi huandikwa. Kwa jiji, bodi ya manispaa hupitisha azimio na kuomba rasmi kwa kamati tendaji ya kaunti, yaani gavana, naibu wake na mawaziri wa kaunti. Kwa umanispaa, utaratibu huo huo hufuatwa kwa marekebisho yanayolingana na hali ya mji usio na bodi. Wakazi wasio na kamati ya mji iliyo hai wanaweza kutumia haki ya kuwasilisha malalamiko na maombi iliyo katika kifungu cha 37 cha Katiba ili kuisukuma kaunti ianze, lakini ombi lao linaanzisha mchakato tu, halichukui nafasi yake.

Kamati tendaji ikikubali, gavana huunda kamati ya muda ya kulichunguza ombi na kumshauri. Sheria imetaja wanakotoka wanachama wake: taasisi ya wapimaji ardhi, taasisi ya wapangaji miji, chama cha wasanifu majengo, chama cha mawakili, taasisi ya wahasibu, muungano wa maeneo ya miji na majiji, na wafanyabiashara. Someni orodha hiyo kama orodha ya maswali. Mpimaji atauliza mpaka, mpangaji atauliza matumizi ya ardhi, mhasibu atataka jedwali la mapato, wakili atachunguza kama wakazi walishirikishwa kweli.

Kwa hivyo pangeni ombi kwa kufuata vigezo vya sheria, kimoja baada ya kingine, kila kigezo na ushahidi wake nyuma yake. Dibaji ndefu kuhusu utukufu wa mji haisaidii. Kamati ikitembelea, iongozwe na mtu anayejua faili, si anayejua hotuba.

Tahadhari: gavana anayeruka hatua hii kwa sababu ana haraka anaacha dosari ambayo mpinzani yeyote anaweza kuipeleka mahakamani. Daini kuona barua ya uteuzi wa kamati na ripoti yake iliyosainiwa, hata kama mnamuunga mkono gavana huyo.

## Hatua ya 8: Bunge la kaunti na hati ya manispaa

Ripoti ikipendekeza kupandishwa hadhi, gavana huipeleka kwa bunge la kaunti. Wawakilishi wadi huipeleka kwa kamati yao, umma huitwa kutoa maoni, kisha hoja hupigiwa kura. Kwa mji unaotafuta umanispaa, huu ndio mlango wa mwisho: bunge likipitisha azimio, gavana hutoa hati.

Wawakilishi wa wadi za mashambani hupinga mara nyingi kwa hoja moja, kwamba mji utakula bajeti ya wadi zao. Hoja hiyo hujibiwa kwa jedwali la hatua ya 5, si kwa karamu.

Isomeni hati neno kwa neno kabla haijatiwa saini. Inapaswa kueleza mipaka, majukumu, muundo wa bodi na namna wakazi watakavyoshirikishwa. Jedwali la mipaka lenye kosa la herufi moja katika jina la lokesheni ndogo huwa mgogoro wa kodi miaka mitano baadaye.

## Hatua ya 9: Bodi, meneja, na majukumu yaliyokabidhiwa kweli

Miji mingi hufika hapa, ikasherehekea, na ikakaa vilevile ilivyokuwa. Sababu ni kwamba hati peke yake haihamishi kazi. Mamlaka juu ya mji yamo mikononi mwa serikali ya kaunti, nayo bodi hutekeleza kwa niaba yake yale iliyokabidhiwa. Pasipo makabidhiano ya maandishi, idara za kaunti huendelea kukusanya ada za maegesho na kuzoa taka, huku bodi ikikutana kunywa chai.

Mambo manne yafuatiliwe, na kwa mpangilio huu. Kwanza, uteuzi wa wanachama wa bodi na kuidhinishwa kwao na bunge la kaunti. Pili, kuajiriwa kwa meneja na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti kwa njia ya ushindani. Kaimu meneja anayeshikilia pia idara nyingine hatakuwa na muda wenu. Tatu, waraka wa kukabidhi majukumu, ukitaja kila jukumu, watumishi wanaohamishwa nalo, magari na vifaa. Nne, fungu la bodi katika bajeti ya kaunti, lenye namba yake.

Kati ya hayo, la tatu na la nne ndiyo yanayocheleweshwa, kwa kuwa waziri wa kaunti hapendi kuachia chanzo cha mapato. Hudhurieni vikao vya umma vya bajeti na muulize fungu la manispaa liko ukurasa gani.

Mtajua mmefaulu siku mwananchi atakapokuwa na lalamiko kuhusu taa iliyozimika na akajua ofisi moja ya kwenda, na ofisi hiyo ikawa na fedha za kununua taa.

## Hatua ya 10: Kutoka manispaa hadi jiji

Manispaa iliyofikisha 250,000 na yenye rekodi nzuri hurudia hatua ya 7 na 8, safari hii kwa vigezo vya jiji, ambavyo vinaongeza barabara na uwezo wa kukabiliana na majanga. Tofauti ni kwamba bunge la kaunti likiidhinisha, ombi hupelekwa kwa Seneti, na Seneti ikipitisha azimio, Rais hutoa hati ya jiji.

Seneti ni mtihani wa pekee kwa sababu maseneta wa kaunti nyingine hawana deni kwenu. Watauliza kwa nini manispaa yenye hati kwa miaka kadhaa haina ripoti za ukaguzi zenye maoni mazuri, na watalinganisha ahadi za mpango jumuishi wa kwanza na kilichotekelezwa. Bodi iliyokaa bila majukumu haina cha kuonyesha. Hii ndiyo sababu hatua ya 9 haikwepeki.

Nakuru ilipata idhini ya Seneti mwezi Juni 2021, na Rais Uhuru Kenyatta akaikabidhi hati tarehe 1 Desemba 2021, ikawa jiji la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Eldoret ikafuata kwa hati iliyotolewa na Rais William Ruto tarehe 15 Agosti 2024. Katika mfano wa Nakuru, kati ya kura ya Seneti na hati palipita karibu nusu mwaka. Wakati huo mji bado ni manispaa kisheria, kwa hivyo bodi isibadilishe karatasi zake, isitoe leseni kwa jina la jiji na isiingie mikataba mipya kwa jina hilo mpaka hati iwe mkononi.

Hati ikishatoka, bodi ya jiji huundwa upya kwa kuwa muundo wake unatofautiana na wa manispaa, mali na mikataba ya manispaa huorodheshwa na kuhamishiwa kwa bodi mpya, na mpango jumuishi hurekebishwa ulingane na ngazi mpya. Orodha ya mali iandaliwe kabla ya sherehe, ikiwa na namba za hatimiliki, namba za usajili za magari na mikataba inayoendelea, kwa sababu kile ambacho hakikuandikwa siku ya makabidhiano ni vigumu kukipata baadaye.